Juhi Rani ni Mume Wangu

Darini kulikuwa na wanawake wengi kuliko dari yenyewe ilivyoweza kubeba. Walibanana nyuma ya pazia la gunia, kila mmoja na tundu lake, na aliyekosa tundu alitoboa la kwake kwa pini ya nywele. Chini yao, uwanjani, turubali lilikuwa limejaa wanaume wa pande zote mbili za harusi. Walikuwa wameshiba mikate ya puri na mtindi, na sasa walikuwa wanangoja. Lalmuni alikuwa na tundu zuri kuliko wote kwa sababu nyumba ilikuwa ya baba yake, na hakuwa na mpango wa kumwachia mtu.

"Hebu sogea, mwanangu, na mimi nione," alisema Sonmati, mke wa baba yake mdogo.

"Mama mdogo, si wewe ndiye mama wa bibi arusi? Nenda kamvishe mwanao bangili."

"Bangili hazina miguu. Juhi Rani anayo, tena anaondoka leo."

Kuanzia mji wa Chapra mpaka mji wa Ballia hakukuwa na jina lililotajwa kwa midomo mitamu kama jina hilo. Kila mtu alijua Juhi Rani, mchezaji wa ngoma za harusi, ni mwanamume aliyevaa kike. Jambo hilo halikumzuia mtu kumpenda. Watu walikuwa wakimwomba kuhani awatafutie tarehe nyingine ya harusi, kisa Juhi Rani kakodiwa kwingine. Wanawake waliiga anavyofunga sari. Waume zao walirudi ngomani alfajiri wakauliza kwa nini wao hawatembei vile, wakajibiwa kwamba kama ni hivyo wakamwoe yeye.

Na katika mashabiki wote hao, hakuna aliyemshinda Dhanpat Mahto, baba yake Lalmuni. Huyu alikuwa mzee wa heshima zake, mwenye mashamba ya miwa, lakini ngoma ikilia alikuwa mtoto. Wakwe walipokuja kuzungumzia harusi hii ya binti wa marehemu mdogo wake, aliwaambia waziwazi: "Nguo leteni mtakazoweza. Ila msipomleta Juhi Rani, msije kabisa." Wakwe wakamleta. Leo ilikuwa siku ya pili ya harusi, siku ambayo wageni wa bwana arusi hukaa kutwa nzima wakilishwa na kuchezewa, na mzee alikuwa amekaa mbele kabisa, kilemba kipya kichwani, anatabasamu hata kabla ya kinanda kulia.

Juhi Rani akatoka. Sari ya kijani, njuga miguuni, ushungi umeshuka hadi puani. Hakucheza. Alisimama tu akashika kiuno, na uwanja mzima ukanyamaza. Kisha akaimba wimbo wa mke aliyeachwa kijijini, mumewe yuko mashariki anatafuta riziki, mvua zinakuja zinapita. Lalmuni alikuwa anatikisa kichwa kwa utamu wa sauti ile mpaka ulipofika ubeti wa tatu.

*Usichelewe, mwenzangu, usichelewe. Mimi kungoja sikufundishwa.*

Lalmuni alishika pazia. Maneno yale yalikuwa yake.

Miaka mitatu nyuma, siku ya harusi yake mwenyewe, walifungiwa chumbani yeye na mumewe, mashangazi wakichekacheka nje ya mlango. Yeye alikuwa amefunikwa mpaka kifuani, mumewe amening'iniza shanga za kilemba cha arusi usoni. Hakuna aliyemwona mwenzake. Yule kijana alimuuliza kwa sauti ya chini, "Una neno la kuniambia kabla sijarudi Kalkuta?" Naye akajibu kwa kunong'ona: usichelewe, mimi kungoja sikufundishwa. Basi. Kesho yake mume akaenda kwenye kiwanda cha magunia, ndivyo alivyoambiwa, na yeye akabaki kwa baba yake kungoja gauna, siku ya kwenda rasmi kwa mumewe. Siku hiyo ilikuwa mwezi ujao. Maneno yale hakumwambia mama yake, wala Sonmati, wala mtu.

"Vipi, umeona jini?" Sonmati aliuliza.

"Nashuka. Kiu."

Wachezaji walikuwa wamepewa zizi la ng'ombe nyuma ya nyumba wavalie huko. Lalmuni alipita jikoni, akabeba jagi la sharubati, akauvuta ushungi usoni. Mlangoni alikaa Ustadhi Gafur, mwenye kundi, anatafuna tambuu.

"Binti, humu hawaingii wanawake."

"Na huyo aliye ndani ni nani?"

Ustadhi akacheka mpaka tambuu ikamtoka. "Huyo ni mwanamke wa kazi. Haya, weka upesi utoke."

Ndani, kioo kilikuwa kimetundikwa kwenye nguzo ya kufungia ndama. Juhi Rani alikuwa anajifuta jasho ili apake wanja upya. Jicho moja lilikuwa limekwisha rembwa, la pili lilikuwa tupu. Lalmuni aliweka jagi chini na kusimama.

"Samahani," alisema, "eti Kalkuta ni mbali?"

Mkono wenye wanja ulishuka polepole.

"Lalmuni," alisema yule mtu, kwa ile sauti ya chini ya miaka mitatu iliyopita.

"Usiniite! Mume wangu yuko kiwandani, anasuka magunia. Mama yako ananitumia salamu zake kila mwaka. Mara amepandishwa cheo, mara ana kikohozi cha vumbi. Na kikohozi nimekililia, unasikia? Nimefunga kutwa bila tone la maji, kila mwaka, nimwombee uhai mtu wa kiwandani. Kumbe nimemwombea nani?"

"Umeniombea mimi, na dua zimefika. Mwaka jana kule Siwan mlevi alipiga bunduki hewani, taa ikapasuka juu ya kichwa changu."

"Unanichekesha?"

"Sikuchekeshi. Naogopa. Mikono yangu, itazame."

Aliitazama. Bangili za kioo zilikuwa zinagongana zenyewe. Hakutaka kumwonea huruma, akajikaza.

"Umekuja kwetu kufanya nini, Jagesar? Hujui hapa ni wapi? Hukuona baba yangu kakaa pale mbele?"

"Nilimwona kabla sijawaona wengine wote. Ustadhi alipotaja kijiji chenu cha Pakri ningeweza kusema naumwa. Nikafikiri, mwezi ujao nakuja kumchukua mtoto wa watu. Atapanda mkokoteni akijua anakwenda kwa mtu wa kiwanda, afike akute njuga zimening'inia ukutani. Nikaona hapana. Aje akijua, au asije."

"Ndiyo ukaja na blauzi."

"Ningekujaje? Mkwe haruhusiwi kukanyaga ukweni kabla ya gauna. Sari hii ndiyo iliyonipitisha langoni kwenu."

Lalmuni akatafuta hasira yake, akaikuta upande mwingine.

"Na maneno yangu? Niliyokuambia wewe peke yako? Unayaimbia walevi wa wilaya nzima!"

"Nayaimba, ndiyo. Wanaume wazima wanalia, kwa sababu wao kweli wamewaacha wake zao wakaenda Kalkuta. Lakini mimi siimbi kwa ajili yao." Aliweka wanja chini. "Sina picha yako. Sura yako siijui, ulikuwa chini ya nguo. Wenzangu wakilala wanawaza nyuso za wake zao, mimi nina maneno hayo tu. Nisipoyaimba nitayasahau, na nikiyasahau nimebaki na nini?"

Ng'ombe mmoja alikohoa pembeni. Huko uwanjani walikuwa wanapiga makofi, wanamwita. Lalmuni alishika pindo la ushungi wake, akalipandisha hadi utosini.

"Basi tazama," alisema.

Jagesar alitazama. Alitazama paji la uso, pua yenye kipini, kidevu kilichoinuliwa kwa hasira, kisha akarudi machoni na kubaki huko. Hakusogea hatua moja. Lalmuni alizoea kutazamwa na wanaume njiani, akajua jinsi inavyochosha. Hii haikumchosha. Naye alimtazama, huyu mwenye jicho moja la mwanamke na moja la mwanamume, na moyo wake ukampenda papo hapo, wakati kichwa chake bado kinamtukana.

"Nikikuambia uache ngoma?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Uniambie tu, nitaacha." Akageukia kioo. "Ila nakuomba usiniambie nikiwa nimevaa njuga."

Neno lilikuwa ulimini kabisa. Kabla hajalitoa, Ustadhi Gafur alipiga kelele mlangoni: "Juhi! Mwenye nyumba anakuita kwa jina! Twende, asije akapanda jukwaani mwenyewe!"

Lalmuni hakurudi darini. Alisimama nyuma ya mlango wa uani, kwenye ufa, akaona uwanja wote.

Mzee Dhanpat alikuwa amejisogeza hadi ukingo wa mkeka. Ametoa noti mpya, ameishika kwa meno, mikono ameiweka nyuma. Watu walipiga miluzi. Desturi ya ngoma zile ilikuwa inajulikana: mwenye kutuza akishika noti kwa meno, mchezaji huja akicheza, akainama uso kwa uso, akaichukua naye kwa meno yake. Wakubwa na wadogo hufanya, watu wakacheka, mambo yakaisha. Juhi Rani alikwisha kufanya hivyo zaidi ya anavyokumbuka.

Alikuja akicheza. Alifika mbele ya mzee, akasimama. Njuga zikanyamaza.

"Njoo basi, mpenzi!" mzee alisema kwa meno yaliyobana. Uwanja ukaangua kicheko.

Juhi Rani hakuinama. Kicheko kikapungua. Kumkataa mwenye nyumba mbele ya wageni wake ni kumtukana. Ramdhani, mjomba wake Lalmuni, alikuwa amekwisha inuka na rungu lake refu la mwanzi. Nyuma ya mlango, Lalmuni aliona yote mawili yanavyokuja. Mumewe akichukua noti ile, siri itadumu na gauna itafika. Lakini baba yake atakuwa amefanyiana mzaha wa walevi na mkwe wake mwenyewe, na siku atakayojua hatainua tena uso duniani. Asipoichukua, kila kitu kinavunjika leo.

"Chukua," alinong'ona Lalmuni peke yake. Kisha, "Usichukue." Hakujua anataka lipi.

Jagesar alipiga magoti. Akavua nywele za bandia, akaziweka kando. Akafuta mdomo kwa pindo la sari, rangi ikamsambaa shavuni.

"Baba, siwezi."

"Baba?" Mzee alitoa noti mdomoni. Bado alikuwa anatabasamu, akidhani ni sehemu ya mchezo. "Mimi nimekuzaa lini?"

"Wewe ni baba wa mke wangu. Miguu hii uliiosha wewe mwenyewe, kwa maziwa na maji, siku uliyonipa binti yako. Mimi ni Jagesar wa Bhagwanpur. Nisamehe."

Noti ilidondoka mkekani. Hakuna aliyeiokota. Mzee aliutazama ule uso, akaondoa poda kwa macho, akaondoa tikli ya paji la uso, akaondoa wanja, na alipoona kilichobaki rangi ilimtoka. Kisha baba wa bwana arusi, mtu mwenye mdomo usio na breki, akapiga paja.

"Kumbe ngoma ni ya nyumbani, Mahto! Ungetuambia mapema, tusingeilipia!"

Uwanja wote ukacheka. Kicheko kile Lalmuni alikisikia mifupani.

Ramdhani aliinua rungu. "Niachieni hili likhanithi!"

"Shusha!" Mzee Dhanpat alimkamata mkono. Alikuwa anahema. "Mkwe hapigwi. Hata huyu. Mimi ndiye niliyemwosha miguu." Kisha akamgeukia Jagesar, na sauti yake ikawa ya kukwaruza. "Nisikilize, kijana. Weka mkono wako juu ya kichwa changu, mbele ya watu hawa. Uape kwamba njuga hutavaa tena mpaka ufe. Ukiapa, mwezi ujao njoo umchukue mkeo, na mimi nitasahau siku hii. Usipoapa, binti yangu ni mjane tangu leo, na wewe nitasema ulifia Kalkuta."

Jagesar aligeuza uso kuelekea mlango wa uani. Hakuweza kumwona mtu pale, lakini alitazama kana kwamba anaonwa. Kisha akainua mkono wa kuume, ule wenye bangili, akauweka juu ya kilemba cha mzee.

"Naapa," alisema. Akatazama tena mlango. "Naapa kwamba..."

Hili ndilo Lalmuni alilotaka kuomba pale zizini. Sasa alikuwa anapewa bure, tena kwa kiapo. Akautazama ule mkono juu ya kilemba, akaiona nyumba atakayoipata. Mtu amekaa uani jioni, mtu mwema, hana neno. Ngoma ya harusi inalia ng'ambo ya mashamba, naye anajifanya hasikii. Na yeye Lalmuni anapita na ndoo, anajua ni kwa sababu yake. Hakutaka kuwa askari jela wa mtu aliyempenda.

Alisukuma mlango kwa bega.

"Asiape!"

Vichwa vyote viligeuka. Binti wa Dhanpat Mahto alikuwa amesimama mbele ya wanaume wa vijiji viwili, uso wazi.

"Ingia ndani!" baba yake alifoka.

"Nitaingia, Baba. Ila akiapa, mimi siendi kwake. Nitakaa hapa hapa nizeeke jikoni kwako."

"Una wazimu? Namtengeneza awe mwanamume, kwa ajili yako!"

"Miaka mitatu nimemngoja mtu wa kiwandani, Baba, sikumpata. Huyu nimempata leo. Usininyang'anye huyu ukanirudishia yule."

Jagesar alikuwa bado na mkono juu ya kilemba. Aliuondoa taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtoto.

Mzee alimtazama binti yake. Alimpenda kuliko watoto wake wote, na pale alipokuwa asingeweza kulisema hilo hata kwa kisu shingoni. Nyuma yake wageni walikuwa wananong'ona, kuna aliyekuwa bado anajizuia kucheka.

"Basi nenda," alisema. "Nenda sasa hivi, kama ulivyo. Gauna sitafanya. Sanduku hutabeba. Na mwanamke yeyote wa nyumba hii atakayefungua mdomo kukulilia, atakufuata huko huko."

Darini mtu alipiga yowe fupi. Alikuwa Tetri, mama yake. "Baba Lalmuni! Usimtoe kimya! Bibi arusi hatolewi kimya, ni mkosi kwa mtoto! Tukana, piga, lakini tuache tumlilie!"

"Nimesema."

Ustadhi Gafur, ambaye katika maisha yake alifukuzwa harusi nyingi na kujua wakati wa kuondoka, alikuwa amekwisha anza kufungasha ngoma. Jagesar alisimama mbele ya mkewe, sari imemlegea begani, nywele zake fupi zimelowa jasho.

"Bado unaweza kurudi ndani," alisema polepole. "Sitakulaumu. Nitaimba maneno yako mpaka nife, basi."

"Tembea," alisema Lalmuni.

Walipita katikati ya wanaume, na wanaume wakajivuta kuwapisha. Lalmuni alitazama mbele tu. Langoni mkokoteni wa kundi ulikuwa tayari, ng'ombe wamefungwa, ngoma zimepangwa. Ilibaki hatua moja avuke, na hapo mguu ulikataa.

Alijaribu tena. Ukakataa tena. Kwao bibi arusi hatoki kwa nguvu zake mwenyewe. Hutolewa na vilio vya mama zake na shangazi zake, wanaimba wakimsukuma, anaimba akiwang'ang'ania, na katika kelele ile anajikuta yuko nje. Tangu utotoni alijua siku yake itakuwa hivyo, na nani atamshika mkono upi. Sasa nyuma yake kulikuwa kimya, akasikia hata ng'ombe wanavyotafuna. Hasira yote ilimwishia. Akabaki mtoto anayeondoka nyumbani, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

Ndipo Jagesar akaanza kuimba.

Aliimba kilio cha bibi arusi, kwa sauti ile ya juu ya kike iliyomfanya awe Juhi Rani. Alikuwa amekiimba katika harusi za watu wengine miaka yote, akakijua kuliko mabibi vizee wa vijiji. *Mama, maji nimeyaacha nusu mtungini, nani atajaza? Baba, ndama hamjui mtu ila mimi, nani atamfungua?* Alisimama nyuma ya mkewe, akamwekea mkono mgongoni kama shangazi anavyoweka, akamsukuma kidogo, akaimba. Yeye hakuwa mwanamke wa nyumba ile. Amri ya mzee haikumhusu.

Uwanjani hakuna aliyecheka. Yule baba wa bwana arusi alikuwa na mabinti wanne, akainamisha kichwa. Ramdhani aliweka rungu chini. Mzee Dhanpat alikuwa amewapa mgongo wote, ameshika nguzo ya turubali kwa mikono miwili, na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

Jagesar alimaliza ubeti. Ubeti wa pili wa kilio kile hauimbwi na anayeondoka. Huimbwa na wanaobaki. Akanyamaza, kwa sababu huo haukuwa wake.

Kisha kutoka darini, nyuma ya pazia la gunia, sauti moja ikaitikia. Ilikuwa nyembamba, imechakaa, ilikosea mwanzo ikarudia. Lalmuni aliijua. Mama yake alikuwa anamwimbia.

Sonmati akaingia kwenye wimbo, na nyuma yake dari nzima, wanawake wote, kwa nguvu zao zote. Mzee Dhanpat aliisikia amri yake inavunjwa juu ya kichwa chake. Hakugeuka, wala hakuwanyamazisha.

Lalmuni akalia kwa sauti, kama bibi arusi, na mguu wake ukavuka lango.